Maswali ya Wasomaji: Trekta Dogo Huanzia Kwenye Tairi la Nyuma

Katika toleo lililopita nilieleza kwa kifupi kazi ambayo mafundi wengi wa majimbo ya kati ya Marekani huifanya wakati wa baridi, mashamba yakiwa yamefunikwa na theluji. Huchukua trekta kuukuu la bustani, yaani lile dogo lililokuwa likikata majani na kulima nyuma ya nyumba, wakalivua na kuliunda upya hadi likawa mfano wa trekta kubwa la shambani kwa kipimo cha nusu, lenye injini yake, gia zake na kiti cha dereva. Barua zilizonifikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nilivyotazamia. Leo najibu sita. Ya kwanza naijibu kwa urefu, kwa sababu yaliyomo ndani yake yatahitajika na kila mtu anayetaka kuianza kazi hii.

Kutoka Cedar Rapids, Iowa

Ndugu Fundi, salaam nyingi. Nilikulia Babati, mkoani Manyara, ambako marehemu baba yangu aliendesha Massey Ferguson 135 kwa miaka mingi. Sasa naishi Iowa, na mwezi uliopita nimenunua trekta la bustani aina ya Cub Cadet la miaka ya 1960, ambalo boneti yake imeliwa na kutu lakini injini na giaboksi ni nzima. Ninataka kuunda 135 dogo litakalobeba mtu mzima. Jirani yangu ananishauri nianze na boneti, kwa kuwa ndiyo sura ya trekta. Je, ni kweli?

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa 135 ni trekta ambalo wengi wetu tulilisikia kabla ya kuliona, likipanda mlima na tela la magunia. Jirani yako ana nia njema, lakini boneti ni ya mwisho. Trekta dogo huanzia kwenye tairi la nyuma, na sababu yake ni nyepesi: bati utalikata na kulikunja kwa kipimo chochote ukitakacho, fremu utairefusha au kuifupisha, lakini tairi unalinunua kama kiwanda kilivyolitengeneza, na hakuna fundi awezaye kulipunguza sentimita tano. Tairi ndilo linaloamua kipimo cha trekta zima, wewe unafuata.

Tuchukue hesabu yako. 135 liliuzwa na matairi ya nyuma ya aina kadhaa, mengi yakiwa ya rimu ya inchi 28, na tairi la 12.4-28 lina kimo cha karibu sentimita 125 likijazwa upepo. Cub Cadet yako huenda ina matairi ya 23x8.50-12, maana yake ni inchi 23 za kimo, au sentimita 58, kwa inchi 8 na nusu za upana. Ukigawanya 58 kwa 125 unapata 0.46, kipimo ambacho si kibaya. Tatizo ni unene. Tairi la kweli lina upana wa inchi 12.4, kwa hiyo tairi dogo linapaswa kuwa na upana usiofika inchi 6, na hilo la inchi 8 na nusu litaonekana limevimba kama la gari la kuchezea gofu, hata ukiipaka trekta rangi ya kiwandani. Sasa litazame tairi la 6-12 lenye meno ya kilimo, ambalo hufungwa mbele kwenye matrekta madogo ya Kijapani yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Kimo chake ni karibu sentimita 64 na upana wake ni inchi 6. Sitini na nne kwa 125 ni 0.51, na inchi 12.4 mara 0.51 ni inchi 6.3. Kimo na upana vimekubaliana. Hilo ndilo tairi lako, na 0.51 ndicho kipimo chako.

Ukishalipata tairi utakutana na suala la rimu. Tairi la 23x8.50-12 huvaa rimu pana, ilhali la 6-12 huhitaji rimu yenye upana wa karibu inchi 5, ingawa kipenyo cha inchi 12 ni kilekile. Njia ninayoipenda ni kununua rimu nyembamba tupu, kuikata sahani ya katikati kutoka rimu ya zamani, na kuichomelea ndani ya ile mpya, kwa sababu sahani ya zamani tayari ina matundu yake matano yanayoingiana na ekseli ya Cub Cadet. Kabla ya kuchomelea kabisa, ishike kwa nukta nne tu, ifunge kwenye ekseli iliyoinuliwa juu ya stendi, kisha simamisha chaki juu ya tofali, ncha yake ikiwa karibu kabisa na ukingo wa rimu, na uzungushe gurudumu taratibu kwa mkono. Chaki ikigusa upande mmoja na kuacha upande mwingine, gonga kwa nyundo ya mpira, uzungushe tena, ugonge tena. Siku moja nilitumia alasiri nzima kwa rimu mbili, na sikuijutia, kwa maana rimu inayoyumba milimita 5 huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Magurudumu ya mbele ya 135 yalikuwa membamba na marefu. Tairi la 6.00-16 lina kimo cha sentimita 73 hivi, ambazo kwa kipimo chako ni 37. Madukani utapata tairi la 15x6.00-6 lenye kimo cha sentimita 38, lakini ni nene. Na utapata la 4.80/4.00-8, la tela ndogo, ambalo linafika sentimita 41 na ni jembamba. Mimi ningechukua hilo la pili. Jicho husamehe urefu upesi kuliko linavyosamehe unene.

Baada ya matairi, tafuta 135 la kweli ulipime. Kwa bahati nzuri liliundwa Coventry, Uingereza, na pia Detroit hapa Marekani, kwa hiyo halikosekani mashambani Iowa. Nenda na futi, daftari na mtu wa kushika upande wa pili. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma utakuta karibu sentimita 183, ambazo kwako ni 93. Fremu ya Cub Cadet inazidi mita moja kidogo. Wengine wangekushauri uikate sentimita 10 zilizozidi, nami nakushauri uziache, kwa sababu ziko mahali ambapo miguu yako itakaa.

Jambo hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii: trekta hupunguzwa, binadamu hapunguzwi. Usukani wa kipimo cha nusu ungekuwa kama sahani ya chakula, pedali za klachi na breki zingekuwa ndogo kuliko kisigino, na nafasi iliyo kati ya madigadi mbili isingepitisha nyonga za mtu mzima. Lazima kipimo ukivunje mahali fulani, na ufundi uko katika kuchagua mahali. Vitu vinavyoonekana kwa mbali ukiwa umesimama ubavuni, yaani magurudumu, mstari wa boneti, uso wa mbele na mduara wa madigadi, usivivunjie kipimo hata kidogo. Kiti, ubao wa miguu na usukani ndivyo vya kuvunjiwa. Shusha kiti mpaka nyonga za dereva ziwe chini ya kilele cha madigadi, tanua madigadi sentimita 5 kila upande, weka usukani wa sentimita 30, na mtazamaji ataona 135 kabla hajaona kwamba dereva ni mkubwa.

Sasa boneti. Usikate bati mpaka uwe umeiunda nzima kwa kadibodi za maboksi na utepe wa kubandikia, ukaifunga juu ya trekta lililosimama kwenye matairi yake, ukarudi nyuma hatua kumi ukaitazama, kisha ukaiacha usiku kucha na kuitazama tena asubuhi. Kosa ambalo jioni hulioni, asubuhi litakupokea mlangoni. Bati la unene wa milimita 1.2 linatosha: jembamba zaidi hutetemeka na kupasuka penye bolti, nene zaidi halikunjiki vizuri kwenye kona za uso ule wa 135 ulio bapa, wenye taa mbili ndani yake.

Kuna mambo mawili ya injini ambayo boneti itakugombanisha nayo. La kwanza ni kwamba Cub Cadet za enzi hiyo zina kifaa kimoja kinachofanya kazi ya stata na ya jenereta, kikizungushwa kwa mkanda ubavuni mwa injini. Kinatokeza nje, na boneti nyembamba haitakifunika. Kwenye 135 la kweli injini yote iko wazi chini ya boneti, kwa hiyo kiache kionekane ubavuni, ukihakikisha tu kwamba mkanda wake una kinga. La pili ni zito zaidi. Injini ya Kohler iliyomo haina radieta. Inapozwa na upepo unaovutwa na feni ya flaiwili na kuelekezwa kwenye mapezi ya silinda na mabati yaliyoizunguka. Katika Cub Cadet nyingi za baada ya mwaka 1963 flaiwili hiyo inaelekea kwa dereva, si mbele. Ukiweka bati la dashi karibu nayo, umeiziba pua. Trekta langu la kwanza nililifunga hivyo, na baada ya dakika ishirini za kuzunguka uwanjani rangi ya boneti ilianza kunuka, na gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kuungua. Acha uwazi usiopungua eneo la wavu wa feni, na usiondoe hata bati moja la kupozea kwa sababu eti linaharibu sura.

Uzito usikutishe. Kitu kinachopunguzwa kuwa nusu kwa urefu, upana na kimo hubaki na sehemu moja ya nane ya uzito wake, na kwa kuwa 135 lina kilo 1,500 hivi, kwa hesabu hiyo lako lingekuwa na kilo 200. Halitakuwa hivyo. Giaboksi ya Cub Cadet ni ya chuma cha kusubu na injini nayo ni nzito, kwa hiyo utamaliza na zaidi ya kilo 300. Uzito huo utalisaidia kukaa chini vizuri, mradi usiulundike wote nyuma. Rangi ni nyekundu kwa mabati na kijivu kwa injini na giaboksi, na usiipake kabla ya kuendesha trekta mwezi mzima likiwa tupu, maana kila utakachosahau kitahitaji kutobolewa au kuchomelewa.

Kutoka Louisville, Kentucky

Bwana Fundi, mimi ni Mkongomani ninayeishi Louisville, na nimefurahi kusoma kwamba Cub Cadet zilitengenezwa katika mji huu. Ninataka kuunda Farmall 806. Trekta la jirani nimelipima mwenyewe: tairi la nyuma lina kimo cha sentimita 162, na kati ya ekseli na ekseli ni sentimita 258. Nitalazimika kurefusha fremu, na ninaogopa propela, ile shafti ipelekayo mzunguko wa injini kwenye giaboksi.

Ndugu yangu, una haki ya kuiogopa, na nafurahi kwamba umepima kabla ya kuuliza. Tairi la 8-16 lina kimo cha sentimita 81, ambayo ni nusu kamili ya 162, na nusu ya 258 ni 129. Fremu yako inahitaji nyongeza ya zaidi ya sentimita 20.

Fremu yenyewe ni mihimili miwili ya chaneli iliyofungwa kwa bolti kwenye giaboksi. Usiikate wima. Ikate kwa mshazari wa digrii 45, ingiza kipande cha chaneli cha unene uleule, kisha ndani ya kila kiungo chomelea bamba linalopita pande zote mbili kwa urefu usiopungua sentimita 10. Mkato wa wima huweka mshono wote mahali pamoja, na mtikisiko wa silinda moja hautachoka kuutafuta. Kabla ya kuchomelea kabisa, vuta uzi kutoka kona hadi kona, upande huu na ule. Nyuzi mbili zikiwa na urefu sawa, fremu imenyooka. Chomelea kidogo hapa, kidogo upande wa pili, ukiacha chuma kipoe, kwa sababu joto la upande mmoja huivuta fremu nzima.

Propela ya Cub Cadet ni shafti nyembamba yenye kipenyo cha inchi 5/8, nayo inazunguka kwa kasi ileile ya injini, yaani mizunguko 3,600 kwa dakika mafuta yakiwa yamefunguliwa kabisa. Ni mizunguko 60 kila sekunde. Shafti ya namna hiyo haiungwi kwa kuchomelewa katikati, hata kama fundi wako ana mkono mzuri, kwa kuwa itapinda kiasi kisichoonekana kwa macho na kitakachosikika kwenye kiti. Mpelekee fundi mkerezaji akukereze shafti mpya ya kipande kimoja, matundu ya springi pini yakitobolewa kwa kufuata shafti ya zamani, na kwa urefu wako ningeongeza beringi moja ya kuishika katikati, iliyofungwa kwenye fremu. Bila hiyo, shafti ndefu na nyembamba huanza kurukaruka kama kamba inapofika kasi fulani. Mpira wa kiungo cha nyuma uwe mpya. Ni wa bei ndogo, na ukipasuka hula pini zote.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Tairi lako limepanda kutoka inchi 23 hadi inchi 32, yaani limezidi kwa asilimia 39. Kwa kila mzunguko wa ekseli trekta litakwenda mbali zaidi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mwendo wa gia ya tatu uliokuwa kama kilomita 10 kwa saa utakuwa karibu 14, nguvu ya kuvuta itapungua, na breki, ambazo hazikubadilika, zitakuwa zikishindana na gurudumu refu zaidi. Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu trekta linaendeka vizuri kuliko linavyosimama. Tafuta ile gia ya kutambaa ambayo International Harvester, watengenezaji wa Cub Cadet enzi hiyo, waliiuza kama kifaa cha nyongeza. Hukaa mbele ya giaboksi na hupunguza mwendo kwa kiasi kikubwa. Usipoipata, weka kizuizi kwenye waya wa mafuta ili injini isifike mizunguko 3,600, na breki zifanyie kazi mpya pande zote kabla ya kuliwasha mara ya kwanza.

Kutoka Waterloo, Iowa

Mwanangu Fundi, mimi ni mtu mzima, nimestaafu, na naishi katika mji ambao John Deere A ilitengenezwa. Ninaunda ndogo yake. Sura imenikubali, lakini sauti haifanani. Kijana mmoja amenishauri nishushe mwendo wa injini mpaka ipige taratibu kama ile ya kweli. Nifanye hivyo?

Shikamoo mzee. Nakuomba usifanye, na nakueleza kwa nini.

Sauti ya John Deere A, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1934 hadi 1952, inatoka kwenye silinda mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, ambazo pistoni zake hupishana: moja ikienda mbele, nyingine inarudi. Kwa mpangilio huo silinda ya kwanza hupiga, ya pili hupiga baada ya nusu mzunguko tu, kisha kuna kimya cha mzunguko mmoja na nusu kabla ya kupiga tena. Ndiyo sababu unasikia mapigo mawili ya karibu, kimya, mapigo mawili, kimya, na kwa kuwa injini ni kubwa na ya mwendo mdogo, sikio linapata nafasi ya kuyahesabu. Injini ya silinda moja haiwezi kuutoa mdundo huo. Hata Onan ya silinda mbili zinazotazamana, ambayo wengi huikimbilia, hupiga kwa vipindi vilivyo sawa, kwa hiyo itakupa mngurumo laini tu.

Hatari ya ushauri wa kijana huyo iko kwenye oili. Kama injini yako ni Kohler ya silinda moja ya mfululizo wa K, haina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo ambacho huichota oili na kuirusha kila krenki inapozunguka. Injini ikienda polepole mno, oili hairushwi ipasavyo, na konrodi huanza kusaga ikiwa kavu. Utapendezwa na sauti kwa msimu mmoja, kisha utasikia mlio wa chuma kikigonga chuma, na bloku inaweza kutobolewa. Usiishushe chini ya mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukitaka kukaribia sauti ya A, ifanyie kazi ekzosi: bomba la wima, pana kidogo, lenye sailensa ndefu isiyo na sahani nyingi ndani, litaleta mlio mzito zaidi. Haitakuwa ileile, mzee wangu, lakini injini itadumu, na mlio huo mzito utawapendeza wajukuu.

Kutoka Njombe, Tanzania

Fundi, huku kwetu matrekta ya bustani hakuna, lakini pawatila kuukuu zipo. Je, naweza kutumia pawatila kuunda trekta dogo la kukalia?

Ndugu, unaweza, ingawa kazi ni tofauti na ninayoieleza hapa. Trekta la bustani tayari lina fremu, ekseli ya mbele, usukani na difu. Pawatila haina hata kimoja kati ya hivyo. Hukata kona kwa kuachia klachi ya gurudumu la upande mmoja kwa mkono, na ukiifungia ekseli ya mbele huku ukiacha magurudumu ya nyuma yafungamane, ya mbele yatasukumwa moja kwa moja kwenye kona. Chukua injini na giaboksi yake, ambavyo vina mwendo mdogo na nguvu nzuri, upeleke mzunguko kwa mnyororo hadi kwenye difu ya gari dogo, na breki utazipata pamoja na difu hiyo. Fremu iwe ya chaneli, si ya engo. Na kanuni ya tairi ni ileile.

Kutoka Iowa City, Iowa

Kaka Fundi, mume wangu ameunda Farmall M dogo, na kijana wetu wa miaka kumi na miwili anataka kuliendesha kwenye maonyesho ya mashine za zamani ya Old Threshers, Mount Pleasant, mwezi wa tisa. Mimi nina hofu, na mume wangu anasema ni kitu cha kuchezea. Nani ana haki?

Dada yangu, hofu yako ina haki. Lenye kilo 300, meno ya gia na moto wa petroli ni mashine, hata likiwa zuri namna gani. Simwambii kijana asiendeshe, kwani maonyesho yale ya Mount Pleasant, yaliyoanza mwaka 1950, ni mahali ambapo watoto hujifunza mengi kwa macho yao. Ninasema kwamba kuna mambo ya kufanywa kwanza.

Kiti kiwe na swichi chini yake inayozima injini dereva akinyanyuka au kuanguka. Swichi hiyo haigharimu kitu, na matrekta mengi ya zamani hayakuwa nayo, kwa hiyo mwambie mume wako asijitetee kwamba la kiwandani halikuwa nayo. Puli na mikanda vifunikwe mahali popote ambapo vidole au kamba za viatu vinaweza kufika. Waya wa mafuta uwekewe bolti ya kuuzuia, ili injini isiweze kwenda kasi hata mtoto akiusukuma wote.

Kisha utazame mahali pa kufungia tela, na hili nakuomba ulitazame wewe mwenyewe, kwa sababu mafundi tunapenda kulipitia haraka. Sehemu ya kuvutia lazima iwe chini ya katikati ya ekseli ya nyuma. Ikiwa juu yake, kitu kinachovutwa kikikwama, magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzunguka, pua ya trekta inainuka, na linaweza kumgeukia dereva kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Chukua fimbo, ishushe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini, weka alama, kisha uilinganishe na tundu la kufungia. Tundu liwe chini ya alama kwa kiasi kinachoonekana wazi.

Farmall M nyingi zilikuwa na magurudumu mawili ya mbele yaliyokaribiana, na kama mume wako ameyaiga hivyo, trekta linasimama kama kigoda cha miguu mitatu. Kijana asikate kona kwa kasi, wala asipite kwenye mteremko kwa ubavu. Asimbebe mtu nyuma, hata mdogo wake. Na kwa kuwa kila waandaaji wa maonyesho huwa na masharti yao kuhusu umri wa madereva, waandikieni mapema, ili kijana asije akavunjika moyo langoni.

Kutoka Des Moines, Iowa

Ndugu Fundi, mzee mmoja wa kanisani kwetu amenipa Cub Cadet ya mwaka 1961. Ina rangi yake ya manjano na nyeupe, injini inawaka, na hakuna kilichopotea isipokuwa mkanda. Nimepanga kuikata mwezi ujao niunde trekta dogo. Unaweza kunisaidia na michoro?

Ndugu yangu, michoro ninayo, lakini kwa trekta hilo sikupi. Ulichopewa ni Cub Cadet ya mfano wa kwanza kabisa, ambayo International Harvester waliitoa ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu 7 za farasi, na ambayo, tofauti na zilizoifuata kuanzia mwaka 1963, huutoa mzunguko kwenye injini na kuupeleka kwenye giaboksi kwa mkanda. Zilizobaki nzima namna hiyo zinapungua kila mwaka, na kila moja inayokatwa haiongezeki tena. Mimi nimekata matrekta ya bustani na nitaendelea kukata, lakini nimejiwekea sharti: sikati lenye boneti yake, madigadi zake na rangi yake. Wala kwa kazi yako halifai zaidi kuliko mengine, kwa sababu trekta dogo halihitaji boneti ya zamani hata kidogo; linahitaji giaboksi, ekseli mbili, usukani na injini.

Lifungie mkanda mpya, badilisha oili, safisha kabureta, umpeleke mzee aliyekupa akalisikie likinguruma. Kisha tafuta lingine. Yapo nyuma ya maghala na pembeni mwa minada, yakiwa yameangukiwa na mti au yamelala nje miaka ishirini, bati lote limekwisha lakini giaboksi bado inazunguka kwa mkono. Ukilipata la namna hiyo, pima kimo cha tairi la nyuma la trekta kubwa unalolitaka, uniandikie hesabu hiyo, nami nitakutumia michoro.